Taima Mbovu ya Chombo cha Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyo hapa yanahusu mashine za kufulia, friji, oveni, feni na vyombo vingine vya umeme vinavyotumia taima. Taima hulaumiwa kuliko kipuri kingine chochote, na mara nyingi hulaumiwa bila kosa. Kwa sababu hiyo sehemu ya kutambua hitilafu ni ndefu kuliko sehemu ya matengenezo yenyewe, na tunamsihi msomaji asiiruke.

## Mambo ya msingi

Taima hufanya kazi gani hasa ndani ya chombo?

Taima ni swichi inayofunguka na kufunga kwa kufuata muda. Katika oveni au feni huwa na kazi moja tu, yaani kukata umeme muda unapokwisha. Katika mashine ya kufulia kazi zake ni nyingi zaidi: huamua lini maji yaingie, lini hita iwake, lini mota izunguke kulia au kushoto, na lini maji yatolewe. Haitoi nguvu yoyote yake yenyewe. Hupitisha tu umeme kuelekea sehemu inayohitajika kwa wakati huo, na baadhi ya taima husubiri taarifa kutoka sehemu nyingine kabla ya kuendelea.

Nitajuaje chombo changu kina taima ya aina gani?

Zipo aina tatu kuu. Ya kwanza ni ya springi, ambayo unaizungusha kwa mkono na kuisikia ikigonga kama saa hata plagi ikiwa imechomolewa. Hupatikana katika mashine za kufulia zenye matangi mawili, feni na oveni ndogo za mezani. Ya pili huendeshwa na mota ndogo ya umeme inayozungusha gia, na gia hizo huzungusha visahani vyenye mabonde na vilima ambavyo husukuma viguso, yaani vipande vidogo vya metali vinavyokutana na kuachana. Hiyo ndiyo taima ya mashine nyingi za zamani za kufulia zenye kifundo kinachosogea chenyewe, na pia ya friji zinazoyeyusha barafu zenyewe. Ya tatu ni ya kielektroniki: kuna bodi, kioo cha tarakimu na vitufe, na umeme hukatwa na kuunganishwa na rilei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, ambazo mlio wake mdogo husikika kila zinapobadilika.

Je, ni salama kuifungua mwenyewe?

Kwa vyombo vingi ni salama ikiwa plagi imechomolewa kabisa kutoka ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa kuwa swichi ya chombo yaweza kukata waya mmoja na kuuacha mwingine ukiwa na umeme. Baada ya kuchomoa, kumbuka kapasita, yaani kipuri kinachohifadhi chaji ya umeme: ile ya mota ya mashine ya kufulia inaweza kubaki na chaji, na huondolewa kwa kuunganisha miguu yake kupitia rezista (kipuri kinachopunguza mkondo wa umeme) ya maelfu kadhaa ya omu, wala si kwa kuigusisha bisibisi. Chombo kilichofungwa moja kwa moja kwenye nyaya za nyumba bila plagi kizimwe kwenye swichi kuu, kisha uhakikishe kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwamba umeme haupo. Maikrowevu ina sheria yake. Tazama swali linaloihusu karibu na mwisho.

Nahitaji zana zipi?

Multimita ndiyo ya lazima, hata ile ya bei ya chini. Ongeza bisibisi za aina mbalimbali, koleo yenye mdomo mwembamba, tochi na simu ya kupigia picha. Chuma cha kulehemia kinahitajika kwa bodi za kielektroniki pekee.

## Kutambua kama kweli taima ndiyo mbovu

Mashine yangu ya kufulia husimama katikati ya kazi na kifundo hakisogei tena. Je, taima imekufa?

Huenda haijafa. Hili ndilo swali linalowagharimu watu fedha nyingi bila sababu, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Mashine nyingi zenye taima ya mota zimeundwa ili mota ya taima isimame makusudi katika hatua fulani. Maji yanapoingia, taima husubiri mpaka swichi ya kiwango cha maji itoe taarifa kwamba tangi limefika kiwango. Maji yanapochemshwa, katika mashine nyingi taima husubiri mpaka themostati iseme kwamba joto limetosha. Kwa hiyo, kichujio cha bomba la kuingizia maji kikiziba kwa mchanga, au kijibomba chembamba cha hewa kinachokwenda kwenye swichi ya kiwango kikichomoka, au hita ikikatika, taima itasubiri taarifa ambayo haitafika kamwe. Aliye nje huona kifundo kimeganda na kuhukumu kwamba taima imekufa.

Angalia kwanza mashine imesimama katika hatua gani. Ikiwa imesimama wakati wa kujaza, chunguza presha ya maji, kichujio na kijibomba cha hewa. Ikiwa imesimama wakati wa kuchemsha, gusa kioo cha mlango baada ya muda wa kutosha. Kikiwa baridi, pima hita na themostati. Kisha izime mashine na usogeze kifundo kwa mkono mpaka hatua isiyohitaji maji wala joto, kwa mfano kukamua, halafu uiwashe tena. Kifundo kikiendelea kusogea chenyewe kuanzia hapo, mota ya taima ni nzima na tatizo liko kwingine. Kikibaki palepale katika kila hatua, sasa una sababu ya kuishuku taima, na swali linalofuata litakusaidia kuthibitisha.

Zungusha kifundo kuelekea kulia tu, yaani upande wa mishale ya saa, isipokuwa kitabu cha chombo kikisema vinginevyo. Taima nyingi za aina hii huvunjika ndani zikilazimishwa kurudi nyuma.

Nipime nini kwa multimita?

Pima vitu viwili, chombo kikiwa kimechomolewa. Cha kwanza ni koili ya mota ya taima. Chomoa waya mmoja wa mota hiyo ili usipime sehemu nyingine kwa bahati mbaya, kisha pima ukinzani. Koili nzima huonyesha kwa kawaida maelfu ya omu. Multimita ikionyesha kwamba njia haipo kabisa, koili imekatika. Ikiwa koili ni nzima lakini kifundo hakisogei, huenda gia za ndani zimelika meno, na hilo huthibitishwa kwa kuona mota ikizunguka ilhali visahani vimetulia.

Cha pili ni viguso. Tafuta mchoro wa nyaya, ambao mara nyingi umebandikwa ndani ya kasha la mashine au umekunjwa nyuma ya paneli ya vifundo. Mchoro huonyesha ni viguso vipi vinavyopaswa kufunga katika kila hatua. Weka kifundo kwenye hatua husika na upime: kiguso kilichofunga vizuri huonyesha chini ya omu moja. Kipimo kinachorukaruka, au kinachobadilika unapotikisa kifundo, ni dalili ya kiguso kilichoungua. Bila mchoro kazi hii huwa ya kubahatisha, na kwa maoni yetu ni heri kuutafuta kwa siku nzima kuliko kununua kipuri kwa kukisia.

Mashine ya matangi mawili: taima inagonga vizuri, lakini mota inanguruma bila kuzunguka. Nibadilishe taima?

La. Mota inayonguruma inapata umeme, kwa hiyo taima imefanya angalau sehemu ya kazi yake. Ikiwa inanguruma bila kuzunguka pande zote mbili, shuku kapasita, au nguo iliyonasa chini ya kizungushio, au mkanda na beringi zilizokwama. Kapasita hupimwa kwa multimita yenye kipimo cha maikrofaradi na kulinganishwa na namba iliyoandikwa juu yake.

Hali ni tofauti ikiwa mota inazunguka vizuri upande mmoja, kisha inapofika zamu ya upande wa pili inatulia kimya. Hapo kiguso cha taima kinachogeuza mwelekeo, au waya wake, ndicho cha kuchunguzwa. Upande wa kukamua ukikataa kabisa, angalia kwanza swichi ya kifuniko kabla ya kuigusa taima.

Friji yangu imejaa barafu nyuma ya paneli, au imeacha kugandisha ingawa taa inawaka. Je, ni taima?

Yawezekana, kwa friji zenye taima ya kuyeyusha barafu. Taima hiyo huendesha kompresa kwa saa kadhaa, kwa kawaida kati ya 6 na 12, kisha huizima na kuwasha hita kwa takriban dakika 20 hadi 30. Ikikwama upande wa kugandisha, barafu hujaa mpaka hewa ya baridi ishindwe kupita. Ikikwama upande wa kuyeyusha, kompresa haiwaki tena na chakula huharibika.

Ukikuta kompresa imetulia, subiri kama dakika 45 kwanza, kwa sababu huenda friji iko katika zamu yake halali ya kuyeyusha. Ikiendelea kuwa kimya, tafuta taima, izungushe taratibu kwa bisibisi kwenye tundu lake mpaka isikike ikigonga. Kompresa ikiwaka hapohapo, taima ilikuwa imekwama. Ikiwa tatizo ni barafu, izungushe mpaka kompresa izime na usikilize kama hita inaanza kuyeyusha. Ikianza, taima ndiyo iliyoshindwa kufika hapo yenyewe; isipoanza, pima hita, fyuzi ya joto na themostati ya kuyeyusha.

Hapa kuna mtego unaowanasa hata mafundi: themostati hiyo hufunga tu ikiwa ya baridi kali. Ukiipima friji ikiwa imeshapata joto, itaonekana mbovu ilhali ni nzima.

## Kutengeneza

Nitaitoaje taima bila kuchanganya nyaya?

Piga picha kabla ya kugusa chochote, kutoka pande mbili au tatu, kukiwa na mwanga wa kutosha kuonyesha rangi. Ikiwa taima mpya unayo tayari, usichomoe nyaya zote kwa pamoja: iweke kando ya ile ya zamani na uhamishe waya mmoja baada ya mwingine. Njia hii ni ya polepole, lakini haijui kukosea. Vuta kishikizi cha waya kwa koleo, usivute waya wenyewe, na kishikizi kilicholegea au kubadilika rangi kwa joto kibadilishwe palepale, kwa kuwa kitaunguza taima mpya kama kilivyounguza ile ya kwanza.

Viguso vimeungua. Naweza kuvisafisha?

Ndiyo, ikiwa vimechafuka au vimefanya weusi tu. Tumia dawa ya kusafishia swichi za umeme, au kipande cha karatasi ngumu kilicholowekwa spiriti, ukivifungia viguso juu yake na kukivuta taratibu. Msasa mkavu wa kawaida huondoa tabaka la fedha lililo juu ya kiguso, na kiguso kisicho na tabaka hilo huungua upesi zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa metali imeshimbika au plastiki inayoishikilia imeyeyuka, taima hiyo haifai tena.

Jiulize pia kwa nini viliungua. Uzee ni sababu halali, lakini mota au hita inayovuta umeme kupita kiasi ni sababu nyingine, na hiyo haitaondoka kwa kubadilisha taima.

Taima ya springi imekwama, au inakimbia na kufika sifuri upesi. Nitie mafuta?

Tone dogo la mafuta mepesi ya saa kwenye ekseli linaweza kusaidia taima iliyokauka. Mafuta ya kupikia na ya injini hayafai, kwani hushika vumbi na kuganda ndani ya gia. Taima inayokimbia imepoteza kifaa cha kuzuia kasi ya springi, na ile ambayo kifundo chake huzunguka bila kukaza imekatika springi. Hatupendekezi kulifungua kasha lake: springi iliyokazwa huruka kwa nguvu inayoweza kuumiza jicho, na kuirudisha mahali pake ni kazi ngumu mno ukilinganisha na thamani ya kipuri chenyewe. Ibadilishe nzima.

Kioo cha tarakimu kimefifia na rilei inalialia. Bodi imekufa?

Mara nyingi bodi ni nzima na kapasita moja ndiyo iliyochoka. Bodi nyingi za bei nafuu hupata umeme wao mdogo kupitia kapasita ya plastiki iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Baada ya miaka, kapasita hiyo hupungua uwezo; iliyoandikwa maikrofaradi 0.47 yaweza kupimwa na kukutwa na 0.2 tu. Umeme unaobaki hutosha kuwasha kioo kwa unyonge, lakini rilei inapotaka kushika, volti huanguka, rilei huachia, na mchezo huo hurudiwa. Badilisha kwa kapasita yenye maikrofaradi zilezile, ya daraja la X2, yenye volti zilezile au zaidi. Usiweke ya kawaida mahali pa X2, kwa sababu daraja hilo limetengenezwa ili likiharibika lisiwashe moto.

Kapasita za elektroliti zilizovimba kichwani nazo zibadilishwe, kwa kuzingatia upande wa hasi. Kagua pia lehemu chini ya miguu ya rilei: ufa mwembamba wa mviringo kuzunguka mguu hutosha kuzuia hita kuwaka, na huponywa kwa kulehemu upya.

Tahadhari kubwa: bodi ya namna hii haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Kila sehemu yake, hata ile inayoonekana ya volti ndogo, inaweza kuua ikiguswa plagi ikiwa imechomekwa.

Naweza kubadilisha mota ya taima peke yake?

Baadhi ya taima zina mota iliyofungwa kwa skrubu mbili na huuzwa peke yake. Linganisha volti, hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na mizunguko ya mota kwa dakika iliyoandikwa juu yake, pamoja na upande inaozunguka. Mota ikiwa imepigwa ribiti, nunua taima nzima.

## Muda usio sahihi

Umeme ulikatika na uliporudi oveni imekataa kuwaka. Taima imeungua?

Kabla ya yote, rekebisha saa. Oveni nyingi zenye kioo cha tarakimu hazitoi joto mpaka saa iwekwe upya au taima iondolewe kwenye hali ya kujiendesha na kurudishwa kwenye hali ya mkono, ambayo aghalabu huonyeshwa kwa alama ya kiganja au sufuria. Ikiwa kioo hakiwaki kabisa, hapo ndipo upime fyuzi na bodi, kama ilivyoelezwa katika swali la kioo kilichofifia.

Taima inachelewa au kuwahi kwa kiwango kilekile kila mara. Kwa nini?

Mota ya taima hufuata hezi za umeme wa ukutani. Taima iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikitumiwa penye hezi 50 hufanya saa moja kuwa dakika 72. Ya hezi 50 ikipelekwa penye hezi 60, saa moja huwa dakika 50. Kigeuza volti hakibadilishi hezi, kwa hiyo hakitasaidia. Anayehama na chombo chake kutoka nchi moja hadi nyingine akague kibandiko cha nyuma kabla ya kuilaumu taima.

Baadhi ya saa za tarakimu nazo huhesabu hezi hizo hizo. Mapema mwaka 2018 saa za oveni katika nchi nyingi za Ulaya zilichelewa karibu dakika 6, kwa sababu upungufu wa umeme uliotokana na mvutano kati ya Serbia na Kosovo ulishusha kidogo hezi za gridi nzima kwa wiki kadhaa. Hakuna hata moja kati ya saa hizo iliyokuwa mbovu.

## Vipuri na hali za pekee

Nichagueje taima mbadala?

Fuata namba iliyochapwa kwenye taima yenyewe, si jina la mashine peke yake, maana modeli moja yaweza kuwa ilitoka na taima za aina mbili. Isipopatikana, mbadala lazima ulingane katika volti, hezi, uwezo wa ampea, idadi na mpangilio wa miguu, na urefu na umbo la ekseli. Kwa friji, angalia pia saa za kugandisha na dakika za kuyeyusha, na mguu unaoipa mota umeme. Taima mbili zinazofanana sura zinaweza kutofautiana hapo.

Naweza kuiruka taima na kuunga nyaya moja kwa moja?

Kwa feni, ndiyo, mradi swichi yake ya kawaida inabaki na kazi ifanywe na mtu anayejua kuunga waya. Kwa chombo chochote chenye hita, hapana. Taima ya oveni ya mezani ni sehemu ya ulinzi dhidi ya moto. Ukiiondoa, hakuna kitakachozima chombo ukisahau. Kwa mashine ya kufulia haiwezekani kwa maana yoyote yenye faida, kwani mota haitageuza mwelekeo.

Taima ya maikrowevu je?

Mpelekee fundi. Ndani yake kuna kapasita yenye volti zaidi ya 2,000, ambayo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na kuna swichi za mlango ambazo zikirudishwa vibaya chombo kinaweza kuwaka mlango ukiwa wazi. Taima yenyewe ni rahisi. Vilivyo jirani nayo ndivyo hatari.

Taima ya kuchomeka ukutani imezima kabisa. Itupwe?

Ikiwa ni ya tarakimu, huenda betri yake ndogo imeisha kwa kukaa bila kutumika. Ichomeke kwa saa kadhaa, kisha bonyeza kitundu cha kuanzisha upya kwa ncha ya kalamu. Ikipoteza saa kila inapochomolewa, betri imekufa. Zingatia pia mzigo: ampea 16 kwa volti 230 ni wati 3,680 kwa hita, lakini kwa mota kiwango kinachoruhusiwa ni kidogo zaidi na kwa kawaida huandikwa pembeni.

Nimebadilisha taima na tatizo limebaki vilevile. Nifanye nini?

Hakikisha nyaya zimerudi mahali pake kwa kulinganisha na picha ulizopiga, kisha rudi kwenye swali la mashine inayosimama katikati ya kazi na ufuate hatua zake kana kwamba taima hukuigusa. Ikiwa ile ya zamani ilipimwa na haikuonyesha kasoro, ihifadhi. Ni kipuri kizima. Ikiwa chombo kinaangusha swichi kuu au kinashtua kikiguswa, acha kila kitu na uchomoe plagi. Hiyo ni hitilafu ya umeme kuvuja, na hakuna taima inayoweza kuiponya.